Dawa ya Presha na Chembe za Kugandisha Damu: Somo kwa Vikundi Vyetu



Katika mikutano ya vikundi hapa Nyakoe kuna swali ambalo limeulizwa mara nyingi, mpaka tumeona afadhali tuliandikie somo zima. Swali lenyewe liko hivi: "Mama yetu ni mzee, anameza dawa ya presha. Juzi alipimwa damu akaambiwa chembe za kugandisha damu zimepungua. Majirani wanasema ni ile dawa. Je, aache?"

Jibu fupi ni kwamba asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, wala kwa uamuzi wa majirani. Arudi kwa daktari au afisa wa kliniki anayemtibu, tena upesi, na ikiwa anatoka damu aende siku hiyo hiyo. Jibu refu ndilo somo letu la leo. Tunaomba katika kila kikundi mtu mmoja awasomee wenzake kwa sauti, na pale Kiswahili kinapokuwa kigumu kwa wazee, aeleze kwa Ekegusii. Wazee wenyewe ndio wenye jambo hili, wasikae pembeni huku vijana wakizungumza juu yao.

CHEMBE HIZI NI NINI?

Ukijikata kidole kwa panga ukivuna ndizi, damu hutoka kwa muda mfupi halafu inaacha. Inayoifanya iache ni kazi ya pamoja ya vitu kadhaa, lakini wa kwanza kufika pale penye kidonda ni chembe ndogo sana zilizomo ndani ya damu. Zinashikamana moja kwa nyingine na kuziba tundu, kama vile mtu anavyoziba ufa wa nyumba kwa udongo. Chembe nyekundu za damu hubeba hewa safi, chembe nyeupe hupigana na magonjwa, na hizi za tatu ndizo mafundi wa kuziba.

Hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Kila moja huishi siku 7 hadi 10 tu, kwa hiyo mwili unatengeneza nyingine kila siku. Karibu theluthi moja hukaa ndani ya wengu, ile ogani iliyo upande wa kushoto chini ya mbavu. Mtu mzima mwenye afya ana chembe kati ya 150,000 na 450,000 katika mikrolita moja ya damu, yaani kiasi kidogo kama kichwa cha pini.

Kipimo chake hospitalini wanakiita hemogramu. Ukipewa karatasi ya majibu, tafuta mstari ulioandikwa PLT. Hapo watu wengi hushtuka bure. Mashine nyingi huandika kwa maelfu, kwa hiyo PLT 210 maana yake ni 210,000, na huyo ni mzima kabisa. PLT 62 ni 62,000, si 62. Tumesikia mtu akilia nyumbani kwa sababu "amebakiza chembe mia moja na themanini", kumbe hana ugonjwa wowote.

Kupungua nako kuna viwango. Mwenye 120,000 kwa kawaida hasikii chochote, lakini apimwe tena baada ya muda ili ijulikane kama hesabu inashuka au imesimama. Akishuka chini ya 50,000, daktari huwa na wasiwasi kumpasua au kumng'oa jino kabla ya kujitayarisha. Chini ya 20,000 damu inaweza kuanza kutoka yenyewe bila jeraha, na chini ya 10,000 hatari ni kubwa zaidi. Mtu wa namna hiyo halali nyumbani akisubiri siku ya kliniki.

JE, NI DAWA YA PRESHA?

Presha si ugonjwa wa watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 kwa watu wa miaka 18 hadi 69 ulikuta kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na wengi wao hawakujua. Kadiri umri unavyoongezeka ndivyo inavyozidi. Kwa hiyo katika boma lenye wazee wawili au watatu, ni kawaida kukuta vidonge vya presha juu ya meza.

Vidonge vyenyewe ni vya aina mbalimbali. Kuna haidroklorothiazidi, ile inayomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, ambayo kwenye kikaratasi huandikwa HCTZ. Kuna amlodipini na nifedipini, kuna enalaprili, kuna losartani, kuna atenololi. Wengine wamewahi kupewa methildopa.

Je, zinaweza kupunguza chembe za kugandisha damu? Ukweli ni kwamba zinaweza, lakini hutokea mara chache sana. Maelezo ya watengenezaji huweka tatizo hili katika kundi la mambo ya nadra. Kwa haidroklorothiazidi ni chini ya mtu mmoja kati ya 1,000 wanaoimeza. Kwa amlodipini ni chini ya mmoja kati ya 10,000. Kwa hiyo jirani anayesema "ni ile dawa" hasemi uongo mtupu, ila anamshika wa kwanza anayemwona njiani.

Inavyotokea ni hivi. Mwili wetu una askari wanaopambana na viini vya magonjwa. Mara chache dawa fulani ikiingia mwilini inashikamana na chembe za kugandisha damu, na wale askari wanaziona kama adui. Wanaziharibu kwa haraka kuliko uboho unavyoweza kutengeneza nyingine. Kwa haidroklorothiazidi inawezekana pia dawa ikapunguza kasi ya uboho wenyewe.

Kwamba askari wa mwili wanaweza kuharibu chembe hizi ilithibitishwa kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1950, daktari kijana wa Marekani aitwaye William Harrington, katika mji wa St. Louis, alijitia mwilini damu ya mgonjwa ambaye chembe zake zilikuwa zimeisha. Baada ya saa chache chembe zake mwenyewe zilishuka karibu kwisha, akaugua vibaya, kisha akapona baada ya siku kadhaa. Hapo ikajulikana kwamba tatizo lilikuwa ndani ya damu ya yule mgonjwa na wala si uboho wake tu. Leo hakuna kamati ya hospitali ingemruhusu kufanya hivyo, na sisi hatumsifu kwa kujihatarisha, lakini alichokifunua kinatusaidia mpaka leo.

Sasa shikeni jambo moja la maana. Dawa inapoleta shida hii, kwa kawaida huileta ndani ya wiki moja au mbili tangu mtu alipoanza kuimeza. Ikiachwa, hesabu huanza kupanda baada ya siku moja au mbili, na mara nyingi inarudi mahali pake kwa muda wa wiki moja hivi. Maana yake ni nini? Ikiwa mzee amemeza amlodipini miaka sita bila shida, na wiki iliyopita ameanza dawa nyingine, basi ile mpya ndiyo ya kuulizwa kwanza. Na ikiwa dawa ya presha yenyewe ndiyo iliyoanzwa siku kumi zilizopita, hapo iko haja ya kuishuku, na daktari aambiwe tarehe.

WASHUKIWA WENGINE NI WENGI

Huku kwetu nyanda za juu, wa kwanza ni malaria. Zamani watu walifikiri malaria ni ya kule ziwani, lakini milipuko ya miaka ya 1990 katika vilima vya Kisii ilitufundisha. Malaria hupunguza chembe za kugandisha damu kwa wagonjwa wengi sana wanaougua. Mzee mwenye homa akipimwa na kukutwa na PLT ya chini, apimwe malaria kabla ya mtu yeyote kulaumu vidonge vyake. Akitibiwa vizuri, mara nyingi chembe zinarudi zenyewe baada ya siku chache.

Wa pili ni kwinini. Hii ndiyo dawa inayojulikana kuliko nyingi kwa kuharibu chembe hizi. Daktari mmoja wa Uingereza aliandika habari zake tangu mwaka 1865. Kenya ilibadilisha dawa ya kawaida ya malaria ikaanza kutoa vidonge vya mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini mwaka 2006, na malaria kali siku hizi hutibiwa kwanza kwa sindano ya artesunati. Hata hivyo bado wako watu wanaonunua kwinini kwa mazoea, au kwa ajili ya mishipa ya miguu inayokaza usiku. Hata ile soda chungu ya toniki ina kwinini ndani yake. Mtu ambaye mwili wake umeikataa kwinini mara moja asiiguse tena maisha yake yote, na jambo hilo liandikwe kwenye kitabu chake cha kliniki.

Wa tatu ni dawa nyingine za hospitali, kama Septrin, rifampisini ya kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kifafa. Hizi zinaokoa maisha kila siku, hatusemi ziachwe. Tunasema zitajwe.

Halafu pombe. Chang'aa na pombe nyinginezo zikinywewa kwa wingi kwa miaka mingi hudhoofisha uboho na kuharibu ini. Ini likiharibika, wengu huvimba na kuzikalia chembe hizi, damu ikabaki na chache. Wengu huvimba pia kwa kichocho na kwa malaria ya muda mrefu. Mzee akificha habari za pombe mbele ya daktari kwa sababu amekuja na mkwe wake, daktari atatafuta ugonjwa mahali ambapo haupo. Mwacheni aingie peke yake.

Virusi vya Ukimwi navyo hupunguza chembe, na wazee wetu hawapimwi kwa sababu watu huona haya kuwauliza. Upungufu wa vitamini B12 na wa foleti unaweza kufanya hivyo. Na kwa watu wa umri mkubwa, mara nyingine uboho wenyewe unaugua, pamoja na saratani za damu. Kwa hiyo hesabu inayoshuka mwezi hata mwezi bila sababu kujulikana isiachwe hivi hivi.

Liko jambo lingine ambalo litawashangaza. Mara nyingine chembe hazijapungua kabisa. Damu hutiwa katika chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ndani yake mna kemikali ya kuzuia damu isigande. Kwa karibu mtu mmoja kati ya 1,000, kemikali hiyo hufanya chembe zishikane vifungu vifungu. Mashine inahesabu kifungu kizima kama kitu kimoja, au haikioni, na majibu yanatoka chini. Fundi wa maabara akiweka damu kwenye kioo na kuitazama kwa hadubini, ataviona vifungu hivyo. Ndiyo sababu ni halali kabisa kuuliza kwa adabu, "Daktari, je, inafaa kipimo kirudiwe, damu itazamwe kwenye hadubini?" Hasa ikiwa mzee hana dalili hata moja.

VIDONGE VYA MAUMIVU

Hapa tunataka tukae kidogo, kwa maana ndipo shida kubwa ilipo.

Aspirini haipunguzi hesabu ya chembe. Inazilemaza. Chembe iliyoguswa na aspirini haifanyi kazi yake vizuri mpaka ife, yaani siku 7 hadi 10. Wako wazee wanaopewa aspirini ndogo na daktari kwa sababu ya moyo au baada ya kiharusi, hao wasiiache bila kuambiwa. Lakini kama chembe zimepungua, daktari lazima ajue kwamba wanaimeza, kwa sababu chache zilizobaki nazo hazina nguvu.

Ibuprofeni na diklofenaki, zile za magoti na mgongo, ni mbaya zaidi kwa mtu wa namna hii. Zinazuia chembe kufanya kazi, zinachubua tumbo mpaka linatoka damu ndani, zinaumiza figo, na tena zinapandisha presha. Yaani mzee anameza amlodipini asubuhi ili presha ishuke, na jioni anameza diklofenaki inayoipandisha. Halafu anasema dawa ya kliniki haifanyi kazi! Sindano ya diklofenaki matakoni, ambayo watu wanaipenda sana, inaweza kuleta uvimbe wa damu ndani ya msuli ikiwa chembe ni chache. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli (ile Panadol) kwa kipimo kilichoandikwa ndiyo nafuu kwa mtu huyu, mradi ini lake ni zima.

Dawa za unga na za chupa zinazouzwa sokoni bila jina nazo ziingie katika hesabu. Mahali pengi duniani dawa za mitishamba za viungo zimepimwa zikakutwa zimetiwa kwa siri dawa za maumivu za kiwandani. Hatusemi kila mganga wa miti ni mwongo. Tunasema huwezi kujua kilichomo.

MFANO WA KUJADILI

Tuchukue mzee wa miaka 71. Kwa miaka sita amemeza HCTZ na amlodipini, na presha yake ilikuwa inakaa vizuri. Mwezi wa masika akashikwa na homa. Hakupimwa. Akanunua kwinini dukani, na kwa sababu viungo vilimuuma akaongeza diklofenaki. Baada ya siku nane ufizi ukaanza kutoa damu akipiga mswaki, na miguuni pakatokea vidoa. Hospitalini PLT ikawa 38, yaani 38,000.

Nyumbani wakakaa kikao. Mtoto wa kwanza akasema, "Baba, hizi dawa za presha umemeza miaka mingi, zimekula damu." Wote wakakubali, vidonge vikawekwa juu ya kabati. Baada ya siku kumi mzee akapimwa, presha 190 kwa 115. Wakati huo huo diklofenaki ilikuwa bado inaendelea, kwa sababu hakuna aliyeihesabu kama dawa.

Tazameni walichokifanya. Waliacha kitu kilichokuwa kinamlinda, wakabakiza vile vilivyokuwa vinamdhuru. Presha ikiwa juu inasukuma kwa nguvu kuta za mishipa ya damu, hata ile myembamba ya kichwani. Mshipa ukipasuka, mafundi wa kuziba hawapo wa kutosha. Presha ya juu na chembe chache zikikutana kwa mtu mmoja, hatari ya damu kumwagika kwenye ubongo inazidi. Kwa hiyo mtu ambaye chembe zake zimepungua anahitaji presha yake itunzwe zaidi kuliko zamani. Na kuna dawa kama atenololi ambazo zikiachwa ghafula moyo unaweza kushtuka na kupata maumivu makali ya kifua.

Ingekuwaje kama binti yake angekusanya kila kitu ndani ya mfuko, vidonge vya kliniki, vya dukani, chupa ya mitishamba, na kuvimwaga mezani kwa daktari? Daktari angeona kwinini na diklofenaki mara moja. Angemwambia aziache, angempima malaria, angerudia hemogramu baada ya siku chache. Na hata kama baada ya hayo angeshuku HCTZ, hangemwacha mzee bila kinga. Angeitoa na kuweka nyingine mahali pake siku hiyo hiyo, kwa maana aina za dawa za presha ni nyingi.

Iko hali ambayo kidonge kinachofuata cha presha kinangoja kwanza. Ikiwa mzee anatapika damu au anatoa choo cheusi, anaona kizunguzungu, jasho baridi linamtoka, na mashine inaonyesha presha imeshuka sana, mwili umepungukiwa na damu. Huyo apelekwe hospitali mara moja, na watu wa huko ndio wataamua lini arudie vidonge.

DALILI ZA KUANGALIA

Vitabu vingi vinasema tazama vidoa vyekundu kwenye ngozi. Vitabu hivyo viliandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwa ngozi yetu vidoa hivyo havionekani vyekundu, vinaonekana vyeusi zaidi au havionekani kabisa. Mwambie mzee afungue kinywa mkiwa nje penye mwanga, utazame kaakaa na ndani ya midomo. Vuta chini kope la jicho utazame ndani yake. Tazama viganja na nyayo. Halafu tazama miguu chini ya goti, kwa sababu damu hushukia huko. Ukiona vidoa vidogo kama ncha ya sindano, bonyeza kwa glasi safi. Kidoa cha muwasho kwa kawaida hufifia ukibonyeza, kidoa cha damu kinabaki.

Dalili nyingine ni damu ya pua isiyokoma baada ya kubana pua dakika 15 mtu akiwa ameketi na kuinamisha kichwa mbele kidogo (si nyuma, atameza damu). Ufizi kutoka damu. Alama za mavilio mwilini na mtu hakumbuki alijigonga wapi. Mkojo mwekundu. Choo cheusi kinachonata kama lami, isipokuwa kama anameza vidonge vya kuongeza damu, ambavyo navyo hufanya choo kiwe cheusi. Na kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, damu yoyote ya ukeni ni ya kwenda kuonyesha hospitali, chembe ziwe chache au nyingi.

Kichwa kuuma kwa ghafula na kwa nguvu, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kukwama, hayo ni ya kukimbiza hospitali usiku huo huo. Vivyo hivyo mzee aliyeanguka na kugonga kichwa, hata akisema "mimi niko sawa". Njia zetu zina mteremko, na zikinyesha zinateleza.

Jamii yetu ya Abagusii inajulikana mpaka ng'ambo kwa wataalamu wake wa kupasua kichwa, ababari, na madaktari wa kigeni wamekuja kuandika habari zao. Heshima yao ya zamani ipo. Lakini kumpeleka kwao mzee mwenye presha na chembe chache, aliyeumwa kichwa ghafula, ni kumwua. Hata kuchanjwa na kupigwa chuku kwa pembe ili "damu mbaya itoke" kusifanywe kwa mtu huyu. Damu ikianza kutoka, hutajua itaacha lini.

VYAKULA, NA JUISI YA MAJANI YA PAPAI

Tunaulizwa sana habari za majani ya papai. Habari hizi zilienea pamoja na homa ya dengi, ambayo imesumbua Mombasa na sehemu nyingine za pwani, na ambayo nayo hushusha chembe hizi. Majaribio kadhaa yamefanywa Asia, lakini hayajatosha kuifanya juisi hiyo kuwa dawa ya kutegemewa, na hayamhusu mzee ambaye chembe zake zinaharibiwa na dawa aliyonunua dukani. Akinywa juisi huku anaendelea na kwinini, amejidanganya.

Chinsaga na managu ni habari nyingine. Mboga hizi zina foleti, na kama foleti ndiyo iliyopungua, zinasaidia kweli. Msizichemshe mpaka zikalegea kabisa na kumwaga maji yake, foleti inakwenda na maji. Na chumvi ipunguzwe kwa ajili ya presha.

Wengine huuliza kama mzee aongezewe damu. Chembe za kugandisha damu huweza kutolewa kwa mtu mzima na kupewa mgonjwa, ila zikitenganishwa hukaa siku 5 hivi tu, tena hazitiwi katika friji kama damu ya kawaida. Ndiyo sababu hazipatikani kila hospitali, na huwekewa wagonjwa walio katika hatari. Mwenye 90,000 hahitaji.

KAZI YA KIKUNDI

Katika mkutano ujao, kila mwenye mzee nyumbani afanye zoezi la mfuko. Dawa zote zitiwe ndani, na kikaratasi kimoja kiandikwe: jina la dawa, tarehe aliyoanza, nani alimpa. Karatasi za PLT za zamani zisichomwe wala kufungia sukari. Daktari akiziona tatu kwa mfululizo atajua zaidi kuliko akiona moja.

Wahudumu wa afya wa jamii walipewa mikoba ya kazi mwaka 2023, na ndani yake mna mashine ya kupima presha. Mjue wa kijiji chenu ni nani, mwalikeni kikundini mara moja kwa mwezi. Presha ya 140 kwa 90 na zaidi, ikirudiwa siku nyingine na ikabaki hivyo, ni ya kupelekwa kliniki. Hemogramu ni jambo lingine. Zahanati nyingi hazina mashine hiyo, kwa hiyo msafara ni wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa mjini Kisii au hospitali nyingine yenye maabara. Waliozoea kadi ya NHIF wakumbuke kwamba tangu Oktoba 2024 ni SHA, na mzee aandikishwe akiwa bado anatembea.

Mwisho, jadilini habari ya usiku. Mzee akitoka damu ya pua saa nane za usiku, nani atapigiwa simu, nani ana gari au pikipiki ya kuaminika, na nauli itatoka mfuko gani? Kikundi kinachochangia matanga kinaweza kutenga kiasi kidogo kwa ajili ya safari hii, kikakaa kwa mweka hazina, kikarudishwa polepole na watoto wa mzee. Amueni kiasi hicho kabla hamjafunga mkutano, na katibu akiandike.